Yatima Wetu Wafike Kidato cha Nne

Kila Januari makanisa yetu huwa na ukarimu wa ajabu. Mchungaji anatangaza kwamba mtoto wa marehemu fulani amechaguliwa kidato cha kwanza na hana tranka, hana godoro, hana ada. Kabla ya baraka ya mwisho kikapu kimeshapita, mama mmoja ametoa shuka, mzee wa kanisa ameahidi viatu. Vigelegele! Tunarudi nyumbani roho nyeupe. Januari inayofuata mtoto yuleyule anatakiwa kuingia kidato cha pili, na hakuna anayelitaja jina lake.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Sekondari hadi mtihani wa taifa ni miaka minne, na mhasibu wa shule hapokei vigelegele.

Najua kuna atakayesema elimu ni bure. Kweli, tangu Januari 2016 Serikali ya Tanzania imefuta ada katika shule zake kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaendelea hadi kidato cha tano na cha sita. Jambo kubwa, tena la kushukuru. Lakini sare inanunuliwa, daftari linanunuliwa, nauli inalipwa, na bibi anayelea wajukuu wanne baada ya kuzika watoto wake anajua bei ya kila kimoja. Tukitaka mtoto huyo asome shule ya kanisa, apate hesabu na sala chini ya paa moja, pamoja na mlezi wa bweni atakayemwuliza jana usiku alikuwa analilia nini, basi ada ipo, na mara nyingi si ndogo. Mimi naamini mtoto aliyefiwa anahitaji malezi hayo kuliko wengi wetu tulioyapata bila kuyaomba.

Wala tusidhani kazi hii ni ngeni kwetu. Mwaka 1864 Sultani wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwaulizia. Wakafundishwa, na mmoja wao, John Swedi, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani, shule ya misheni hiyohiyo, akaenda bara kuwahudumia Wayao wenzake, na mwaka 1890 akapewa upadri. Bagamoyo nako, Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliwakomboa watoto wa utumwani, wakawalea na kuwafundisha kusoma na kazi za mikono. Kanisa la pwani hii lilisimama juu ya mabega ya watoto wasio na wazazi! Siku hizo fedha zilitoka Ulaya. Leo tuna waumini, tuna majengo, tuna vipaza sauti vinavyosikika mtaa wa tatu. Tunashindwaje na mtoto mmoja wa jumuiya yetu?

Tupige hesabu. Tuseme ada na mahitaji ya shule ni shilingi milioni mbili kwa mwaka, na jumuiya ina kaya 20. Kila kaya ni laki moja kwa mwaka, yaani haifiki elfu mbili kwa wiki. Zipo kaya ambazo hata hiyo hazina, na zisiaibishwe. Wapo pia wenye uwezo wa kubeba sehemu ya jirani. Harusi hatuishindwi: tunaunda kamati, tunagawa kadi, tunaandika ahadi, na asiyetoa anapigiwa simu mpaka atoe. Kamati ya namna hiyohiyo, yenye mwenyekiti na mhazini asiyeona haya kudai, imsimamie mtoto kwa miaka minne.

Ada ilipwe moja kwa moja shuleni, stakabadhi isomwe mbele ya jumuiya. Mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kwenda siku ya wazazi, maana yatima huiogopa siku hiyo kuliko mtihani. Na tafadhali, tuache kumsimamisha mtoto madhabahuni na kumpiga picha ameshika bahasha. Yakobo, alipoeleza dini iliyo safi, alitaja kuwaendea yatima na wajane katika dhiki yao, picha hakuitaja. Mtoto akifeli muhula mmoja asiambiwe kwamba anakula sadaka ya watu bure. Wa kwetu wanafeli, tunawatafutia tuisheni.

Compassion International, shirika lililoanza mwaka 1952 kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea, linafanya kazi Tanzania kupitia makanisa ya mahali. Mtu aliye Marekani anamlipia kila mwezi mtoto ambaye pengine hatamwona maishani. Mungu ambariki. Sisi mtoto wetu tunamwona kila Jumapili, kiatu chake tunakijua kimetoboka wapi.

Basi Jumapili hii, ibada ikiisha, usikimbilie gari wala bodaboda. Mtafute mwenyekiti wa jumuiya, mwulize yatima gani yuko kidato cha pili na anadaiwa kiasi gani. Kisha andika jina lako, na ahadi yako iwe ya kumfikisha mtoto huyo kidato cha nne.