Je, Mwislamu Anadaiwa Nini na Mbwa Wake?

Ndugu msomaji, swali hili limetoka Kondoa. Mtu mmoja aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni anaandika kwamba anaye mbwa mzee aliyemlindia mbuzi wake dhidi ya fisi kwa miaka tisa. Sasa mbwa huyo haoni vizuri, na miguu yake ya nyuma imelegea. Majirani wanamwambia kwamba maadamu amesilimu, hapana budi amfukuze, kwa kuwa mbwa ni najisi na malaika hawaingii katika nyumba yenye mbwa. Yeye anauliza: nikimfukuza atakwenda wapi, na nikimweka, je, Uislamu wangu utakuwa na kasoro?

Nasema wazi tangu mwanzo kwamba hana haki ya kumfukuza. Sababu zake ni hizi.

Majirani hawakubuni maneno yao. Zimo hadithi kuhusu kuosha chombo kilichorambwa na mbwa, kuhusu malaika, na kuhusu thawabu inayopungua kila siku kwa mtu afugaye mbwa. Lakini hadithi hiyo ya thawabu inawatoa mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa ndugu yetu ni wa mifugo. Tena Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, aya ya 5 (kwa hesabu inayoanza na Bismillahi), inaruhusu kula kile walichokamata wanyama waliofunzwa kuwinda, na nyama iliyoumwa na mbwa wa mawindo haikuamriwa itupwe. Wasandawe, jirani za Warangi, ambao mababu zao waliishi kwa kuwinda, hawatahitaji maelezo marefu juu ya aya hiyo. Imamu Malik alimhesabu mbwa aliye hai kuwa safi, na Imamu Shafi alimhesabu kuwa najisi. Kwa kuwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, majirani wanasema walivyofundishwa.

Sikusudii kuamua hitilafu hiyo hapa, kwa kuwa haligusi swali letu. Unajisi ni hukumu ya chombo, ya nguo na ya mahali pa kusalia. Je, unajisi hufuta deni? La hasha! Nepi za mtoto mchanga nazo ni najisi, wala hatujasikia mama aliyeambiwa amtupe mtoto.

Deni lenyewe limetoka wapi? Mbwa mwitu wa porini hamdai mtu chakula, kwani anajitafutia. Lakini wewe ulimchukua huyu akiwa mdogo, ukamfunga zizini, ukamzoeza kungoja mkono wako. Umemwondolea njia ya kujilisha. Basi riziki yake imepita kwako. Katika chuo nilichosomea ng'ambo, mwalimu wetu wa fikihi alitusomesha mara mbili maneno ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262). Yeye aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, akasema kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Na angalia, ndugu msomaji, Sheikh huyu alilelewa katika madhehebu yale yale ya Shafi. Zaidi ya hayo, vitabu vya madhehebu hayo vinafundisha kwamba msafiri mwenye maji machache, akiwa na mnyama mwenye kiu, atamnywesha mnyama na yeye atatayamamu kwa vumbi. Na mbwa wa kazi asiyeshambulia watu amo katika hesabu hiyo. Yaani yule anayeitwa najisi anatangulizwa mbele ya maji ya udhu! Anayejua kiangazi cha Kondoa, visima vinapokauka na wanawake wakatoka alfajiri kutafuta maji, ataona uzito wa hukumu hiyo.

Wala haikuanza na wanachuoni. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, kisha akamkuta mbwa akila udongo wenye unyevu kwa kiu. Alishuka tena, akajaza kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno na kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walistaajabu, wakamwuliza Mtume (s.a.w.) kama katika wanyama nako kuna thawabu. Alithibitisha kwamba imo katika kila kiumbe kilicho hai.

Basi deni hilo hulipwa vipi? Maji yabadilishwe kila siku, hata kama ni ndani ya kigae. Chakula kisiwe mifupa mitupu. Pawe na kivuli, na kamba isiyokaza shingo. Wengi wanayajua haya na hawayatendi. Liko jambo kubwa zaidi, ambalo wengi hawalihesabu kuwa la dini: chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita katika mate, na dalili zikishadhihiri kwa mtu, karibu daima mwisho wake ni kifo. Karibu wagonjwa wote duniani huupata kwa kuumwa na mbwa. Tangu Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, mwaka 1885, dawa ya kuzuia imekuwepo. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizo hukatika. Kwa hiyo mwenye kumpeleka mbwa wake kwa afisa mifugo kila mwaka anamtendea wema mbwa na pia mtoto wa jirani yake. Na mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Wapo waandishi wanaofurahi kudai kwamba hadithi ya kuosha chombo mara saba ilikusudia virusi hivi. Mimi sisemi hivyo. Hadithi haikutaja ugonjwa, na dini haihitaji tuitie maneno mdomoni.

Muulizaji wetu ameongeza swali la pili. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam amenunua kwa fedha nyingi mbwa mdogo wa aina iitwayo French bulldog, naye humlaza chumbani penye feni. Je, huyo siye ampendaye mnyama kwa kweli?

Kupenda anapenda. Lakini tutazame mbwa huyo alivyofanywa. Asili yake ni mbwa wadogo wa Uingereza waliochukuliwa na mafundi wa lesi kwenda Ufaransa katika karne ya 19. Watu wakachagua, kizazi baada ya kizazi, wenye uso mfupi, kwa kuwa uliwapendeza macho, hata njia ya pumzi ikabanwa. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri, joto la pwani laweza kumwua. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mizazi ya mbwa hao ilikuwa ya kupasuliwa. Na bado, mwaka 2022, aina hiyo iliongoza kwa wingi katika daftari la chama kikuu cha mbwa cha Marekani!

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 120, inataja kubadili umbo la viumbe vya Mungu miongoni mwa mashawishi ya Shetani, na inataja masikio ya wanyama yanayokatwa. Sisemi kwamba kuchagua mbegu ya mifugo ni dhambi. Wafugaji wa Kondoa wamechagua madume tangu zamani. Nasema kwamba kumzalisha kiumbe katika umbo ambalo pumzi yake yenyewe ni mateso, ili tuburudike kumtazama, ni dhuluma, hata ikifunikwa kwa busu. Mtu wa kijijini humdhulumu mbwa kwa kumdharau, na huyu wa mjini kwa kumpenda. Wote wawili wamesahau aya ya 39 ya Sura Al-An'am, inayowahesabu wanyama kuwa umma mfano wetu.

Mpwa huyo hatakiwi kumtupa mbwa wake, kwani deni lake ni zito kuliko la mjomba. Asimtembeze jua likiwa kali. Asimnenepeshe, maana mafuta huzidi kubana pumzi. Mikunjo ya uso ifutwe na kukaushwa, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni. Akikoroma sana au akianguka kwa kukosa pumzi, daktari wa mifugo amwangalie, kwani pua zilizobana huweza kupanuliwa kwa upasuaji. Asimzalishe, wala asiwashawishi rafiki zake kununua mwingine.

Ama mbwa mzee wa Kondoa, na akae pale pale penye zizi, mbali na mahali pa kusalia. Chakula chake kilainishwe, na kigae cha maji kisogezwe karibu na alalapo, maana kisima ni mbali naye haoni njia. Maumivu yakizidi na afisa mifugo akasema hakuna dawa, yeye afisa anajua namna ya kumpumzisha bila mateso. Asiachiwe vijana wenye mawe. Na mbwa mdogo atakayechukua zamu ya kulinda mbuzi apelekwe kuchanjwa mapema.