Isnadi ya Karatasi, Sitara ya Watu

Katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye nchi ya mvua, migomba na chai, ipo kata iitwayo Bagamoyo. Hakuna bahari huko wala jahazi. Liko jina tu, ndugu wa jina la mji mkongwe wa pwani. Mtu wa kata hiyo akiketi mbele ya kompyuta akaliandika jina la kwao katika hazina za nyaraka za serikali ya Marekani, ambazo sasa zimepigwa picha na kuwekwa wazi, karatasi atakazozipata aghlabu zitakuwa za Bagamoyo nyingine: meno ya tembo, wapagazi, misafara ya kwenda Unyanyembe. Akitafuta Tukuyu ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, atarudi mikono mitupu, kwani Wajerumani waliuita mji huo Neu-Langenburg. Na hata hapo pana mtego, maana ilikuwapo Langenburg ya kwanza ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mashine haiyajui haya. Mashine inajua herufi, na mara nyingine hata herufi zinaishinda: katika nakala hafifu ya telegramu, "m" husomwa "rn", na mtu mzima hupotea kwa sababu ya kijiti kimoja cha wino.

Anayeweza kuzitenga Bagamoyo mbili ni mtu. Na mara tu mtu anapoanza kutenga, kuunganisha na kutia vichwa vya khabari, kazi inayoonekana kuwa ya makarani inageuka kuwa ya maadili. Anayezipanga nyaraka zilizoandikwa na taifa jingine juu ya watu wa kwao, anawajibika kwa nani? Kwa karatasi, kwa msomaji, au kwa wale waliotajwa ndani yake bila ya kuulizwa?

Nyaraka za Wamarekani juu ya mwambao huu si za jana. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, ukaweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa za Wamarekani. Mwaka 1837 aliwasili Unguja Richard Waters wa Salem, balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Kilichobaki vinywani mwa watu wa huku ni neno merikani, jina la nguo. Kilichobaki kwao ni barua za mabalozi wadogo wa Zanzibar tangu 1836 hadi 1906, zilizoandikwa kwa mkono, zikatiwa katika filamu. Juu ya hizo zikarundikana za karne ya ishirini: telegramu za mwaka wa Mapinduzi, ripoti za majasusi, majalada ya mahakama. Utafiti wa siri wa CIA juu ya siku mia moja za kwanza za Mapinduzi uliandikwa 1966 ukafunguliwa 2007. Januari 2017 shirika hilo likaweka katika intaneti nyaraka zipatazo 930,000, zenye kurasa zaidi ya milioni 12, ambazo kabla ya hapo msomaji alilazimika kusafiri mpaka College Park, Maryland, akazisome kwenye kompyuta chache zilizotengwa.

Wingi huo umezaa ulevi wake. Karatasi ikiwa na muhuri uliosema "siri", kisha muhuri mwingine ukalikata neno hilo, msomaji hudhani kwamba ameushika ukweli kwa shingo. Lakini siri si thibitisho. Uvumi wa barazani ukiandikwa kwa taipureta, ukapewa namba na saa, ukatumwa Washington, unabaki uvumi. Uliobadilika ni mavazi yake.

Watu wa mwambao wana elimu ya kale inayofaa hapa kuliko nyingi za kigeni. Wanazuoni wa hadithi hawakuanza na matni. Walianza na isnadi. Nani kasema, kasikia kwa nani, walikutana wapi, na je, huyu aliyepokea alikuwa na umri wa kuweza kupokea? Mnyororo ukikatika walisema umekatika, hata maneno yawe mazuri namna gani. Telegramu ya ubalozi nayo ina isnadi, na mara nyingi iko wazi kwa anayetaka kuiona: imetoka kituo gani, imetiwa saini na nani, saa ngapi, na katikati ya maneno vimo vile vishazi vidogo vya kusema kwamba imeripotiwa, inaaminika, mtu mwenye uhusiano mzuri ameeleza. Ofisa aliyefika Unguja miezi sita iliyopita, asiyekijua Kiswahili, akamnukuu mfanyabiashara aliyemnukuu dereva, huyo ni mpokezi wa tatu. Si lazima awe mwongo, lakini daraja yake ndiyo hiyo.

Majalada ya mahakama yana daraja nyingine. Katika kesi ya New York ya mwaka 2001, juu ya miripuko ya tarehe 7 Agosti 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam, shahidi aliapa, akasema, kisha akahojiwa na upande wa pili mbele ya hakimu na wazee wa baraza. Hayo hayakuifika telegramu yoyote. Na hata ndani ya jalada moja, karatasi hazilingani. Hati ya mashitaka ni dai la serikali, ushahidi ni neno la mtu aliyeapa, na hukumu ni jambo jingine kabisa. Anayezitia zote katika mfuko mmoja wenye jina la mshitakiwa amekwisha kumhukumu kabla ya hakimu, na wanaofanya hivyo ni wengi, kwa sababu kupanga kwa jina ndiyo njia nyepesi.

Wako wanaosema kwamba shida yote ni ya lugha, kwamba akipatikana mfasiri hodari mambo yatanyooka. Kisa cha Januari 1965 kinawajibu. Frank Carlucci, aliyekuwa ofisa mkuu wa Marekani Unguja, alizungumza kwa simu na Robert Gordon, mshauri wa ubalozi wa Dar es Salaam. Mazungumzo yakasikilizwa. Ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kwanza ni risasi na baruti, na ya pili ni hoja za kumshindia mtu katika mjadala. Wamarekani walieleza kwamba walikuwa wakitafuta hoja za kuishawishi Washington itume salamu za maana katika sikukuu ya Mapinduzi. Waliosikiliza walisikia njama. Maofisa wote wawili wakafukuzwa nchini, na Marekani nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania.

Ni rahisi kumcheka msikilizaji yule. Lakini alikuwa na sababu za masikio yake: miezi miwili tu kabla, Novemba 1964, waziri Oscar Kambona alikuwa ametangaza barua zilizodaiwa kufichua mpango wa kuiangusha serikali, barua ambazo baadaye zilihesabiwa kuwa za kughushi. Aliyekwisha kuogopeshwa na karatasi ya uwongo atalisikia vibaya neno la kweli. Basi anayeipanga telegramu ya Januari bila ya kuiweka karibu na barua za Novemba amempa msomaji sauti pasi na sikio lililoisikia. Na maandishi ya msikilizaji mwenyewe hayamo katika hazina ya Wamarekani. Nafasi yake iachwe tupu na iandikwe kuwa ni tupu.

Kwa hilo kanuni ya wahifadhi wa Ulaya, iliyowekwa katika kitabu cha Waholanzi watatu mwaka 1898, inafaa kuheshimiwa: karatasi zibaki pamoja na aliyeziandika, kwa utaratibu alioupanga yeye. Anayezichomoa kurasa za Zanzibar peke yake kutoka majalada ya Januari 1964 anaziacha nyuma kurasa za maasi ya askari wa Tanganyika, yaliyoanza tarehe 20 ya mwezi huohuo, na yale ya Uganda na Kenya yaliyofuatia. Hofu ya ofisa aliyeandika inaonekana basi kama wazimu, au kama ujanja, ilhali alikuwa mtu aliyeona paa nne zikishika moto kwa mpigo. Vilevile ipo karatasi moja isiyo na khabari yoyote, inayotiwa mahali pa waraka uliozuiliwa, ikisema tu kwamba hapa palikuwa na kitu cha tarehe fulani na kimeondolewa. Wenye haraka huitupa. Hiyo ndiyo ya kwanza kuhifadhiwa, kwani ni shahidi wa kimya.

Hata hivyo kanuni ile ya 1898 inamlinda mwandishi wa waraka. Haimlindi aliyeandikwa. Mwaka 1871 Stanley, akisaidiwa na balozi mdogo Francis Webb, alikaa Bagamoyo akikusanya wapagazi, na katika kitabu chake akamlalamikia sana kijana mmoja wa Kihindi aliyemwita Soor Hadji Palloo, kwamba alimdhulumu. Kijana huyo anatambuliwa kuwa Sewa Haji Paroo, yuleyule aliyekuja kutoa mali yake kwa ajili ya skuli Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Labda Stanley alidhulumiwa kweli. Biashara ya misafara haikuwa ya malaika. Lakini tazama tahajia inavyofanya kazi. Anayepanga kwa herufi alizozikuta atakuwa na watu wawili, tapeli na mfadhili, wala hawatakutana kamwe.

Sewa Haji ana majengo ya kumsemea. Wengi waliomo katika karatasi za 1964 hawana. Sheria ya Marekani ya kufungua nyaraka, ya mwaka 1966, inaruhusu kulinda faragha, na ndiyo maana kurasa nyingine zina miraba myeusi. Tatizo ni kwamba mwenye wino yuko Maryland. Yeye hufuta jina, akaacha kwamba mtu huyo alikuwa mwalimu wa kijiji fulani kusini ya Unguja, mwenye kaka Mombasa. Katika mji wa watu milioni nane huo ni ufichaji. Kisiwani ni kama kumwita mtu kwa kipaza sauti. Watu wa kijiji hicho wataujaza mraba mweusi kabla chai haijapoa, na mjukuu aliyekuwa hajazaliwa atajikuta anasalimiwa kwa namna mpya msikitini, kwa ajili ya neno la mpokezi wa tatu.

Hapa ndipo sitara inapodai haki yake. Kumsitiri mja si adabu ya mezani. Ni katika nguzo za kuishi pamoja mahali ambapo nyumba zinagusana. Walioishi visiwani wanajua kwamba waliotoa taarifa na waliotolewa taarifa wanazikwa makaburi mamoja, na wajukuu wao wameoana.

Lakini sitara ina ndugu yake mbaya, nao ni ufichaji wa dhulma, na wawili hawa wanafanana sura. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa serikali ya Mapinduzi, na Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi wa Tanzania Washington, walirejeshwa Unguja mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Hao walikuwa wakubwa, majina yao yako vitabuni. Nyuma yao wako wadogo, ambao kwa jamaa zao karatasi ya mgeni, hata ikiwa na mstari mmoja na tarehe moja, inaweza kuwa kaburi pekee walilonalo. Kuwaambia jamaa hao wangoje kwa ajili ya amani ya mtaa ni kuwazika watu wao mara ya pili. Hakuna haki ya kuita hiyo sitara.

Njia iliyopo ni nyembamba, na anayeipita atalaumiwa na pande zote. Jina la aliyedhulumiwa liandikwe katika orodha ya wazi, kwa tahajia zake zote, hata zile alizopewa na wageni. Jina la mwenye cheo aliyetenda kwa cheo chake liandikwe pia. Cheo hakina faragha. Jina la mtu mdogo aliyetuhumiwa kwa kusikia tu lisitiwe katika orodha, ingawa waraka wenyewe ubaki kamili mahali pake, bila ya kukatwa, na wenye haki naye wakija waoneshwe, pamoja na isnadi yake imeandikwa pembeni kwa Kiswahili: huyu aliona, huyu alisikia, huyu alidhani. Mtu atauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyempa mpangaji mamlaka ya kupima nani mdogo na nani mkubwa. Visiwa hivi vimekwisha kuona walinzi wa milango waliojichagua wenyewe. Jibu zuri la swali hilo halipo. Lililopo ni kwamba asiyechagua amechagua pia, kwa kuiachia mashine, nayo huviweka mezani vyote kwa pamoja, kashfa na kaburi.

Linabaki suala la vichwa vya khabari, ambalo kwa mfasiri ndilo gumu kuliko yote. Majalada ya Wamarekani yanakuja na vichwa vyao: ukomunisti, uasi, maslahi ya Magharibi. Kuvifasiri jinsi vilivyo ni uaminifu kwa mwandishi, na vibaki hivyo ndani. Lakini juu ya kasha, kwa Kiswahili, kuandikwe nini? "Mapinduzi" ni neno la upande mmoja wa mtaa, "uvamizi" la upande wa pili, na "mauaji" wako wanaolitaka na wako wasioweza kulisikia; na katika nyumba moja inawezekana kusikia maneno yote matatu, kila moja chumba chake. Mpangaji mwenye hekima ataandika tarehe peke yake, 12 Januari 1964, na chini yake idadi ya karatasi zilizomo na idadi ya zilizoondolewa.