Riziki Iliyo Jirani

Msafiri afikaye Unguja huelekezwa Mji Mkongwe, akasifiwa soko la Darajani na bustani ya Forodhani, wala si makosa. Lakini atakaye kuijua ladha ya kisiwa na apande daladala mpaka soko la Mwanakwerekwe, nje kidogo ya mji wa kale, ambako mkulima aliyeamka kabla ya alfajiri hushusha mihogo, majimbi na ndizi za mkono wa tembo, na, msimu wake uwadiapo, embe boribo za Muyuni ambazo harufu yake humfikia mpitaji kabla hajaziona. Muhogo uleule, katika mkahawa mdogo wa mtaani, huungwa kwa tui la nazi na kupakuliwa pamoja na samaki wa kukaanga, na mpishi huuliza hali za watu wa nyumbani kabla ya kupokea fedha. Shilingi itolewayo hapo haipotei: humrudia mkulima, ikamsomesha mwanawe. Basi leo, kabla ya kutamani meza za mbali, tuwazuru jirani zetu. Kwani neema nyingi hutupita si kwa uhaba wake, bali kwa kughafilika kwetu.