Kivuli cha Mwembe



Jumamosi iliyopita nilisali na jumuiya moja ya parokia yetu, chini ya mwembe, saa moja asubuhi, kila mtu na kigoda au mkeka wake. Waliowahi walishika kivuli. Kijana mmoja wa darasa la sita, mwenye ualbino, alichelewa kwa sababu alikuwa ametumwa maji, akakaa pembeni. Kufika saa mbili na nusu jua lilikuwa limemgeukia. Akapandisha kola ya shati, akavuta mikono yake mpaka ikafunika vidole. Hakuna aliyemsogezea nafasi. Mimi nilimwona, nikaendelea kufundisha.

Tulikuwa tunasoma Yohane sura ya 9, habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanaanza kwa kutafuta mkosaji: ni yeye, au ni wazazi wake? Swali hilo bado linaulizwa katika nyumba zetu. Mama akijifungua mtoto mwenye ualbino, baba anauliza mtoto ni wa nani, na shangazi anauliza laana imetoka ukoo upi. Ukweli ni mfupi: baba na mama, hata wakiwa weusi tii, wote wawili wamebeba kinasaba cha ualbino bila kujua, na katika kila mimba nafasi ya mtoto kuzaliwa hivyo ni moja kati ya nne. Basi. Mama hakumkosea mtu.

Yesu analikataa swali lile. Lakini kinachonichoma mimi kinakuja baadaye kidogo. Mtu yule, akiisha kuponywa, anarudi anaona, na majirani wanaanza kubishana: ndiye, siye, labda wamefanana. Majirani! Miaka yote wamempita amekaa akiomba, na uso wake hawaujui. Walichokuwa wanakijua ni upofu wake tu.

Nasi tunajua kusema “zeruzeru”; jina la mtu hatulijui. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kutemea mate kifuani tukipishana naye, eti tusije tukazaa wa namna hiyo. Tukaambiwa pia kwamba watu hawa hawafi, hupotea tu. Tuliyachukulia kuwa maneno ya watoto. Kisha, miaka ya 2000 ilipokuwa inakwenda ukingoni, wakaanza kuuawa na kukatwa viungo hapahapa Kanda ya Ziwa kwa imani za uganga, na mitaani wakaitwa “dili”. Waliokuja na mapanga walikuta tumeshawatengenezea njia. Mtu ambaye hafi, nani atamlilia?

Leo panga linatajwa kwa nadra, tunamshukuru Mungu, ila jua linaendelea kuwaumiza na hatulitaji. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua, na saratani ya ngozi huwachukua wengi wakiwa bado vijana. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kivuli: hivyo ni uhai wao. Na macho nayo. Wengi wao huona kwa shida, na miwani haimalizi tatizo. Mtoto anayeinamia daftari mpaka pua iguse karatasi si mvivu wala hachezi.

Hilo la macho nalisema kwa uchungu, maana kijana huyuhuyu wa Jumamosi nilimpa somo la kwanza asome kanisani mwaka jana. Alikisogeza kitabu usoni, wenzake wakacheka, nami nikakichukua nikampa mwingine, nikidhani namwepusha na aibu. Nilimwongezea. Somo la Jumapili linajulikana mapema. Ningeweza kuliandika kwa wino mweusi na herufi kubwa, akakaa nalo wiki nzima.

Baada ya sala ya Jumamosi nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi kwa kitabu na kwa jua. Bibi yake alinipa kiti, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, “Padre, huyu somo lile alikuwa amelishika kichwani. Alinisomea jikoni siku tatu.”

Sikuwa na la kujibu. Nilimuuliza kijana kama bado anataka kusoma. Alimtazama bibi yake kwanza, ndipo akakubali. Karatasi nimeshampelekea, herufi kubwa.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwao. Hakuna mwembe pale. Kivuli cha asubuhi kiko nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Mikeka tutaitandika huko.