Gari la Kale na Kiburi Kipya

Ndugu zetu wa Meru na Embu, magari ya kale mliyoyatunza ni neema. Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na 1978, na Land Rover ingali yapanda milima ya Nyambene.

Wengi wa wenye magari hayo ni watu wema: wakikutana huamkiana na kuulizana hali kabla ya kuulizana vipuri. Lakini wamo ambao, wakiisha kung'arisha yao, humcheka mwenye gari la kutu. Na gari likizimika katika mteremko wa Nithi, mahali palipokwisha kupoteza roho za wengi, mwenye jeki na spana humpita mwenziwe kana kwamba hakumwona.

Je, hatuisomi Suratul-Maun, inayowaonya wenye kuswali kisha wakazuia hata chombo kidogo cha kusaidiana? Spana ni katika hivyo.

Chuma huliwa na kutu, na mwenyewe huliwa na udongo. Wema ndio usaliao. Basi tusimame njiani, tutangulize salamu, tuazimane. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.