Bosi Anahitaji Kisa Kirefu Kiasi Gani?

Katika ngano zetu zimwi halina utoto. Linatokea porini, linameza kijiji kizima na mifugo yake, mwishowe mtoto mmoja aliyesalia analipasua na watu wanatoka wakiwa hai. Msikilizaji haulizi lililelewa na nani. Gemu za mtandaoni zilianza karibu vivyo hivyo. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, wachezaji 40 walimfuata bosi Ragnaros, yaani adui mkuu wa pambano, katika pango lake la moto, na ilitosha kujua kwamba anaunguza. Leo bosi huja na ukoo, jeraha la zamani na filamu fupi ya kumtangulia. Wapenzi wa gemu hubishana kama hayo ni mapambo au ndiyo uhai wa mchezo. Mimi naona ni suala la haki: kisa cha bosi ndicho kinachoamua kama tunamhukumu au tunamwondoa tu njiani.

Mtazame Arthas. Katika Warcraft III ya mwaka 2002 ni mwana wa mfalme wa Lordaeron. Anafika mji wa Stratholme, akakuta nafaka yenye tauni imekwisha kugawiwa, na walioila watageuka maiti zinazotembea. Anaamua kuua mji mzima. Uther, mwalimu wake, anakataa. Jaina, mwandani wake, anageuka na kuondoka. Kisha kazi yenyewe anakabidhiwa mchezaji: avunje nyumba moja baada ya nyingine, awaue wakazi kabla pepo Mal'Ganis hajawatwaa. Wengine wanatoka mlangoni wakiwa bado na sura za watu. Malezi ya Arthas hayatajwi hapo, wala hatuyahitaji. Tumeonyeshwa njia mbili, na watu wawili anaowaheshimu wakishika ile nyingine. Baadaye anaushika upanga Frostmourne na kumwua baba yake. Tunapomkuta katika ngome ya Icecrown, ndani ya World of Warcraft, akiwa Lich King, mtawala wa wafu, tunajua tunamdai nini.

Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson alieleza mwaka 1962 kwamba kumkasirikia mkosaji ni kumhesabu miongoni mwa watu. Ukimwona kama kitu cha kutibiwa au kudhibitiwa tu, umeshamtoa kundini mwa wanaowajibika. Hatari ya kisa kirefu iko papo hapo. Mwaka 2020 toleo la Shadowlands la World of Warcraft lilimleta bosi Zovaal, na tukaambiwa kofia na upanga wa Lich King vilifuliwa kwa ajili ya huyo Zovaal. Huenda nia ilikuwa kuongeza kina. Kilichotokea ni kwamba hatia ya Arthas ilipungua: mkono ulioongezwa nyuma ya uamuzi wake uliufanya uamuzi wenyewe uonekane mdogo. Zovaal naye hana Stratholme yake. Ana mpango tu, na mpango haukasirishi mtu.

Atakayenipinga atamtaja Emet-Selch wa Final Fantasy XIV, katika toleo la Shadowbringers la mwaka 2019. Kisa chake ni kirefu mno na bado kinashika moyo. Ni kweli, lakini urefu wake wote unatupa sababu zake bila kumpa udhuru. Anataka kuwarudisha watu wake waliopotea, anajua walio hai watakufa kwa ajili hiyo, anafuatana nao safarini ili awapime, kisha anaamua. Mwingine atasema wachezaji huruka maandishi, wanachotaka ni ngawira. Hoja hiyo inadai kisa kifupi, haidai kikosekane. Na Stratholme haikuandikwa isomwe, ilichezwa. Bosi kama Ragnaros asipewe kisa kabisa, moto ni moto. Lakini ukitaka nimchukie bosi wako, nionyeshe mahali alipoweza kugeuka, halafu uniache naye.

Arthas hakunyimwa hata mwisho wake. Pambano likikaribia kwisha huwaua wachezaji wote kwa pigo moja, na anayewafufua ni roho ya Terenas, baba aliyemwua. Kila wiki ngome hufunguliwa upya, mwana yuko kitini, na baba anakuja tena.