Nundu Ubavuni

Kijana mmoja aliendesha Noah ya abiria kati ya Tunduma na Mbeya. Alinunua tairi la mtumba lenye kashata nene, akaona ameokota. Haukupita muda, nundu ikachomoza ubavuni. Alipopita Mpemba kujaza upepo, fundi pancha akaiona.

"Mwanangu, hili limeachia ndani. Ling'oe."

"Mzee, mbona kashata zimejaa?"

"Kashata ni za nje."

Kijana akaligeuza, nundu ikaelekea chini ya gari, trafiki wasiione.

Maneno ya fundi yana uzito. Katika tairi la gari dogo, mpira huzuia upepo usitoke, lakini zinazobeba mzigo ni nyuzi, nyingi zikiwa za poliesta. Uzi wa pamba wa zamani ulikuwa na vinyweleo, mpira ukapata pa kushika. Poliesta ni nyororo, mpira haunati juu yake. Ndiyo maana kiwandani nyuzi huchovywa kwenye utomvu wa mpira uliochanganywa na gundi ya resosinoli na fomaldehidi, kisha hupitishwa kwenye joto kali. Nailoni hutosheka na mchovyo huo; poliesta kwa kawaida hutaka dawa nyingine itangulie. Tairi likipikwa na salfa, utando huo mwembamba hushika uzi upande mmoja na mpira upande wa pili. Maisha ya abiria yamekaa juu ya utando huo, na hakuna jicho linaloweza kuukagua.

Adui yake ni joto na umri. Upepo ukipungua na mzigo ukizidi, ubavu hukunjika kila gurudumu linapozunguka, na joto hupanda. Noah ile ilijaza watu hadi mlangoni, na magunia ya mahindi nyuma.

Kwenye mteremko wa Senjele tairi likapasuka. Mama aliyekuwa akienda kumwona daktari alivunjika nyonga. Hakuweza tena kulima shamba lake la kahawa.

Fundi alilichana tairi lile. Gundi ikiwa nzima, uzi ukivutwa hutoka umevaa mpira mweusi. Nyuzi hizi zilitoka tupu, zimebaki na rangi ya kahawia ya dawa. Kisha akamwonyesha kijana tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavuni, 1209: wiki ya 12, mwaka 2009. Msimbo huo kamili mara nyingi huchapwa upande mmoja tu, kwa hiyo anayenunua tairi huligeuza na kuutafuta kabla ya kulipa.